Safari ya Kumwogesha Bibi Setsuko

Wadogo zangu wa zamu ya asubuhi,

Siku mliyoniaga mliniomba nizungumze, nami nikalia mbele ya keki kama mtoto aliyenyimwa uji. Sasa nina wiki tatu nyumbani. Nimefua mapazia yote, nimepanga kabati la vyombo mara mbili, na mwanangu Mbonea ameniomba kwa adabu nitafute shughuli. Basi naandika. Sitawaandikia nilipanda cheo lini wala mshahara ulikuwaje. Hayo hayamfunzi mtu kitu, yanamuudhi tu. Nitaandika habari za kuogesha watu wazima, maana ndiyo kazi niliyoifanya, na hasa habari za Bibi Setsuko, niliyesafiri naye mpaka Japani ili akaoge. Yeye alishatutangulia siku nyingi, na binti yake Naomi ameniruhusu kusimulia.

Nilifika Minnesota nikiwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Usangi, milimani Upareni, nimemfuata mume wangu aliyekuja kusoma. Alisoma, akamaliza, akapata kazi, halafu akapata maradhi, akafa. Nikabaki na Mbonea mdogo na cheti cha ualimu ambacho huku hakikufaa hata kufungia maandazi. Nikasomea uuguzi msaidizi kwa wiki chache, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikaajiriwa katika nyumba ya kulelea wazee kule New Hope. Mkiiona kwa nje mngedhani ni nyumba ya familia: gereji, ua, kengele ya mlango iliyoharibika. Ndani walikuwamo wazee sita.

Aliyenifundisha kazi ni Wanjiru, Mkenya wa Nyeri. Kwa umri alikuwa mdogo wangu, kwa kazi alikuwa mama yangu. Siku ya kwanza alinikabidhi mzee mmoja mnene, fundi seremala mstaafu, nikamwogeshe. Nikamvua shati, nilipofika kwenye suruali nikafumba macho. Wanjiru alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Mbonea, ukifunga macho utaosha nini? Ukuta?"

"Ni baba mtu mzima, Wanjiru."

"Ni baba mtu mzima mwenye anasikia baridi. Harakisha."

Yeye ndiye aliyenifunza mambo ambayo nami nimewachosha nayo nyinyi miaka yote hii. Maji usiyaamini kwa kiganja, maana kiganja cha mtu aliyezoea kuosha vyombo hakisikii tena moto. Tumia kiwiko, halafu kipimajoto. Taulo zitie kwenye mashine ya kukaushia kabla hujamwita mzee, zitoke zina joto. Usimvue mtu nguo zote kwa mkupuo. Ukiosha mguu, funika tumbo. "Mtu si gari iko car wash," alikuwa akisema. Na kitu cha mwisho, ambacho wengi wenu bado hamkifanyi: ongea naye. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya, hata kama unadhani haelewi.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini Bibi Setsuko alipoletwa. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa usawa wa masikio, na upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea kwa kiharusi. Aliolewa na mwanajeshi wa Kimarekani baada ya vita, akaletwa Saint Paul, akazaa mtoto mmoja, akamzika mume, na maisha yake yote huku alishona mapazia ya watu. Kiingereza chake kilikuwa kifupi. Ugonjwa ukakifupisha zaidi. Alikula alichopewa, alimeza dawa, hakumsumbua mtu. Ila kuoga, hapana.

Ratiba ilisema aoge Jumanne na Ijumaa. Mimi nilimwandalia kama tulivyowaandalia wengine: hodhi limejaa maji, sabuni ya povu ndani yake, harufu ya maua. Nikamfunga ule mkanda wetu wa kumshikia mgonjwa kiunoni, nikamwingiza. Alipoona povu limemfika kifuani na mimi nimeshika kitambaa tayari kumsugua, akapiga ukelele. "Chafu! Chafu!" Akanisukuma kwa mkono wake mzima, maji yakanimwagikia mpaka kwenye soksi.

Wanjiru alikuja mbio. Tulipomtoa akanivuta pembeni. "Huyo ni wale wa kusema sisi ni wachafu," akasema. "Zoea tu. Mungu anaona."

Nami nikaamini. Kwa miezi miwili niliandika kwenye daftari la zamu: *Amekataa kuoga.* Tulimfuta kwa kitambaa kitandani, yeye akiangalia dari. Ijumaa moja, kwa kuwa mkaguzi alikuwa anakuja, nilimlazimisha. Sikumpiga wala kumfokea. Nilimshika tu kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa, nikamwogesha mpaka mwisho, akiwa amefumba macho na machozi yanamtoka. Mkaguzi alisifu usafi wetu. Nimeyaandika haya kwa sababu ninyi mnaniona mpole, na sikuzaliwa nao huo upole.

Ukweli niliujua kwa bahati. Bomba la hodhi liliharibika, fundi akasema mpaka Jumatatu. Basi nikafanya kama nyumbani Usangi. Nilichukua ndoo ya jikoni, nikaijaza maji ya moto, nikatafuta jagi la plastiki, nikamkalisha Bibi kwenye kiti kifupi katikati ya bafu, pale penye tundu la maji sakafuni. Kabla sijamgusa alinyang'anya lile jagi. Akajimwagia. Akaomba sabuni kwa ishara, akajisugua shingo, kwapa, mapaja, katikati ya vidole vya miguu, kila mahali mkono mmoja unapoweza kufika. Akajisuuza mara nne. Mimi nilibaki nimesimama na taulo kama mhudumu wa harusi. Alipomaliza aliangalia lile hodhi kavu, akaniangalia mimi, akapumua.

"Safi kwanza," akasema. "Halafu maji."

Nikaelewa papo hapo. Hakuwahi kusema mimi ni mchafu. Alikuwa akisema maji ni machafu, maji aliyokalishwa pamoja na uchafu wake mwenyewe na sabuni yake. Kwao hodhi si la kuogea. Unaoga nje yake mpaka utakate, ndipo unaingia kujipasha moto na kupumzisha mifupa. Sisi tulikuwa tunataka kumkalisha kwenye maji ya kuoshea vyombo, mara mbili kwa wiki, na kumwona mkaidi.

Bomba lilipotengenezwa tukafanya kama alivyotaka. Ndoo na jagi kwanza, kisha hodhi la maji matupu. Aliingia, akashuka mpaka maji yakamfika kidevuni, akatoa sauti ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Nilifurahi mno. Alipotoka nikachomoa kizibo, na hapo nikaharibu tena.

"Kwa nini?" akauliza, akionyesha maji yanayozama. "Wewe bado!"

Ikanibidi nimpigie Naomi, aliyekuwa akikaa Oakdale, anieleze. Naomi akacheka kwenye simu mpaka akakohoa. Kwao, alisema, nyumba nzima inaingia kwenye maji yale yale, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kila mmoja ameingia akiwa safi. Mama yake alikuwa ananikaribisha. Mimi ni Mpare, na kwetu maji yanagawanywa kwa zamu toka bwawani na mtu akiyapoteza anasemwa kijiji kizima. Kumwaga maji safi yenye moto kuliniuma kuliko alivyofikiri. Lakini kazi ina sheria zake, na mimi nina haya zangu. Hata daktari nilikuwa namwomba avute pazia. Nikamshukuru Bibi, nikasema siku nyingine.

Tangu hapo tulizungumza. Nikimsugua mgongo, pale asipofika, alinisimulia kijiji chao. Kiko baharini, alisema, na maji ya moto yanatoka yenyewe kwenye mawe, mvuke unapanda mpaka kwenye mifereji ya barabarani. Mama yake alikuwa akisafisha mabafu kwenye nyumba ya wageni, na jioni, wageni wakishaondoka, wafanyakazi wanawake waliingia wote pamoja kwenye bwawa la mawe lililo nje, mkabala na bahari. Alirudi mara moja tu tangu aolewe, kumzika mama yake, na siku hiyo hakuoga kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga na basi lilikuwa linaondoka. Hilo lilimkaa rohoni kuliko mazishi yenyewe. "Nataka kuoga kwetu," alikuwa akisema kila Jumanne na kila Ijumaa. "Mara moja tu, Mama Mbonea."

Kiharusi cha pili kilimpata mwanzoni mwa baridi. Hakikuwa kikubwa, lakini baada yake alihitaji kushikwa hata kuvuka zulia. Daktari akamwambia Naomi kwamba kama kuna safari, ifanywe sasa. Naomi akakata tiketi za mwezi wa tatu. Wiki mbili kabla ya safari akateleza kwenye barafu nje ya nyumba yake, akavunjika mkono. Alikuja New Hope na plasta mpaka juu ya kiwiko, akakaa jikoni kwetu.

"Siwezi kumbeba," akaniambia. "Na hakubali kushikwa na mtu mwingine. Nimekuja kukuomba wewe."

Nikachukua likizo yangu. Kina mama wa kanisani kwetu Burnsville hawakunipa nafasi ya kupumua. "Unapanda ndege kwenda kuoga? Kwani huku maji yamekatika?" Mbonea, aliyekuwa kidato cha pili na aliyeuelewa mtandao kuliko mimi, aliniangalia kwa huruma. "Mom, you know everybody's naked there, right?" Nilijua kwamba huko wote huoga uchi. Kwa hiyo nilishona gauni la kuogea, refu, la mikono mirefu, kwa kanga mbili mpya.

Sitawachosha na ndege. Tulifika kijijini kwa basi, mchana, mvua nyepesi inanyesha. Kila kitu kilikuwa kama alivyosema Bibi. Mvuke ulitoka chini ya vifuniko vya mitaro, kulinuka kama kiberiti kilichowashwa, na pembeni ya barabara bibi mmoja alikuwa akichemsha mayai ndani ya wavu uliozamishwa kwenye shimo la maji ya moto. Samaki walioanikwa walikuwa wamepangwa kwenye nyavu. Watu wa nyumba ya wageni tuliyofikia, ile ile aliyofanyia kazi mama yake Bibi, walivaa mitalawanda, viatu vya mbao, nikaisikia ikigonga mawe, nikamkumbuka nyanya yangu. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, akainama kutusalimu, nami nikainama, akainama tena, nami pia, mpaka Naomi akasema inatosha. Bibi Setsuko alisema naye maneno matatu ya Kijapani. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, nyepesi, ya msichana.

Tulikuwa na siku tatu. Siku ya pili asubuhi nikajiandaa kikazi. Nilivaa gauni langu la kanga, nikavaa glavu, nikachukua mkanda na kipimajoto. Naomi alitusindikiza mpaka kwenye pazia la upande wa wanawake, naye mwenye nyumba akatupokea ndani. Nilimvua Bibi, nikamwosha kwenye kigoda kama tulivyozoea. Kisha nikamwinua twende bwawani. Lilikuwa nje, la mawe meusi, lina ngazi tatu za kushukia, na zaidi yake ni bahari. Mwenye nyumba akanisimamisha kwa upole. Akashika ncha ya gauni langu, akaonyesha maji, akatikisa kichwa. Kisha akaonyesha glavu.

Nilimwambia Bibi amweleze kwamba mimi ni mfanyakazi. Nitasimama tu ngazini. Bibi alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, mara ya kwanza asubuhi ile.

"Ukivaa," akasema polepole, akitafuta maneno, "mimi mgonjwa. Mgonjwa hapa, hapana. Mama yangu aliingia hapa. Sitaki kuja hapa mgonjwa."

"Bibi, ukianguka je?"

"Twende chumbani."

Nikambembeleza. Akafumba macho, yale macho ya Ijumaa ya mkaguzi. Nikamvika nguo, nikamrudisha.

Mchana wote alikaa amegeukia dirisha, chakula hakukigusa. Naomi hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu, akiwa amekaa mkekani na plasta yake mapajani, "Kesho mchana tunaondoka. Hatarudi tena hapa, Mama Mbonea. Wote watatu tunajua."

Nilitoka nikatembea mpaka kwenye ukuta wa bandari. Nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni mimi ni mjane, ni mzee wa kanisa, tumbo langu lina kovu la kumzaa Mbonea na limelegea, na mtu wa kunivua nguo hajazaliwa. Nilikuwa bado nanung'unika hivyo nilipokumbuka maneno ninayowaambia wazee kila siku nikiwafungua vifungo. "Usione haya, Bibi. Sote ni wanawake." Nimeyasema mara ngapi? Nimewaambia wake za wachungaji, walimu wakuu, mabibi ambao waume zao hawakuwahi kuwaona mchana. Wakaninyooshea mikono nikawavua, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya. Na mimi nilikuwa nimevaa, siku zote. Nikaona aibu pale ukutani, na haikuwa aibu ya mwili.

Siku ya tatu niliamka mapema nikamwambia Bibi twende. Kwenye chumba cha kuvulia nguo nilimvua yeye, nikakunja nguo zake, nikaziweka kikapuni. Kisha nikavua zangu. Kifungo kimoja kilikatika kikabingirika chini ya kabati na nadhani mpaka leo kipo. Nilivua kila kitu. Kipimajoto nikakiacha kwenye mkoba, mkanda nikauacha. Bibi hakuniangalia tumbo wala kovu. Aliniangalia usoni, akanishika mkono.

Ndani walikuwamo wanawake wawili wa kijijini, wazee, wanajisugua na kupiga soga. Walitusalimu, wakaendelea na soga yao. Mngeona mshangao wangu: mwanamke mweusi wa Kipare, uchi, kijijini kwao, na wao wanaendelea kuzungumza, labda kuhusu bei ya samaki.

Nilimwosha, tukatoka nje. Upepo wa bahari ulitupiga nikasikia mwili mzima ukisisimka. Bila mkanda nilimshika kifua kwa kifua, kama mnavyombeba mtoto aliyelala, nikashuka ngazi nikirudi kinyumenyume. Maji yalikuwa ya moto kuliko sheria yoyote ya kazi yetu inavyoruhusu. Nilimshusha kidogokidogo, magoti, kiuno, kifua, nikihesabu pumzi zake. Alipokaa kwenye jiwe la chini, maji yakimfika kidevuni, aliiangalia bahari kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka. Si kicheko kikubwa. Kilitoka kidogokidogo, na machozi yakachanganyika na mvuke usoni pake. "Maji yale yale," akasema. "Yale yale." Nilimpa dakika kumi alizosema daktari, nikampa na mbili zangu.

Nilipomtoa nikamkalisha kwenye kigoda apate hewa. Nilitaka kumfunika taulo, akakataa. Akavuta kigoda kingine kwa mguu wake mzima, akakiweka mbele yake, akakipigapiga.

"Kaa. Geuka."

Nikakaa, nimempa mgongo. Nikasikia maji yakimwagika, kisha kitambaa chenye sabuni kikagusa bega langu. Alinisugua kwa ule mkono mmoja, polepole, kutoka shingoni kushuka, akipumzika kila baada ya misuguo miwili au mitatu, akirudia pale alipopasahau. Tangu mama yangu aliponikabidhi ndoo nijiogeshe mwenyewe, nikiwa na miaka sita au saba, hakuna binadamu aliyewahi kuniogesha. Sikuwa nimelijua hilo mpaka dakika ile. Nililia, wadogo zangu, nililia kwa sauti mbele ya wale wanawake wawili, na wao wakageuza nyuso zao upande wa bahari kwa adabu.

Bibi Setsuko hakuacha kusugua. Alinimwagia maji mgongoni, akauliza kama ni ya moto sana. Nikasema hapana, yako sawa. Akachota tena, na mimi nikainamisha kichwa ili afike vizuri.